Ndege Aliyoifungia Mama

Keki ilikuwa na umbo la ndege ya vita, imepakwa sukari ya kijivu mpaka kwenye makombora yake, na Mchungaji Azarias alikuwa akiikata huku anacheka. Ndani ya ukumbi wa kanisa watu walipiga vigelegele. Bamurange hakupiga, wala hakujisumbua kuificha hasira yake.

Kiwandani kwao, hapa Buffalo, Marekani, kazi yake ni kusugua bawaba za mabawa. Ndege zinazotua juu ya meli hukunjwa mabawa zipate kujipanga nyingi, na bawaba hizo ndizo zilizomlisha tangu alipofika mtaa huu wa West Side. Mwaka huu jeshi la wanamaji lilikuwa likichagua ndege za meli zake zijazo, na kampuni mbili zikashindana, ya kwao ikiwa mojawapo. Kama wangechaguliwa wale wengine, nusu ya kanisa ingekosa kazi. Basi mchungaji akatangaza mfungo. Makanisa ndugu ya miji ya Louisville na Columbus yakaunganishwa kwa simu, watu wakalia na kugaragara, wakimsihi Yesu achague ndege ya kuua. Ndiyo, ya kuua! Neno hilo hakuna aliyelitamka. Walisema "ndege yetu", kama ng'ombe wa mahari.

Jumatano ndege yao ikachaguliwa. Leo ilikuwa ibada ya shukrani.

Aliyefunga kuliko wote alikuwa mama yake, mzee Nyarugabo, mgonjwa wa sukari. Bamurange alimkataza, lakini wapi! Alidhani ni ucha Mungu tu. Sasa mama, sahani mapajani, alimvuta mkono, uso unamng'aa.

"Mwanangu, bon, basi, Umuhoza atashuka siku gani?"

Umuhoza ni mdogo wake, bado yuko katika kambi ya wakimbizi walikotoka. Na kule kambini neno ndege lilikuwa na maana moja: ile inayokuja kuchukua wakimbizi na kuwaleta Marekani. Fulani amepata ndege, walisema, na kambi nzima ikamwonea kijicho. Mama alisikia Wamarekani wanachagua ndege, akadhani ndiyo hiyo, akafunga mpaka midomo ikapasuka.

Mchungaji naye alikuwa amesikia. Akainama sikioni kwa Bamurange, pumzi yake inanuka sukari.

"Mwache tu, dada. Imani yake iko kubwa. Usimuvunje moyo mbele ya watu."

Bamurange alitamani kumtemea mate. Kisha akajichukia mwenyewe kuliko alivyomchukia yule mtu, maana kwa dakika nzima alitaka kumtii. Ingekuwa rahisi mno. Mama angeendelea kungoja akifurahi, na yeye kesho angeendelea kusugua bawaba zake.

Akapiga magoti mbele ya kiti cha mama.

"Mama, hii ndege haileti watu. Umuhoza hayuko ndani. Iko ya vita. Inaenda kutupa mabomu."

Nyarugabo alimtazama mwanawe, akaitazama sahani yake, ambamo bawa la keki lilikuwa limekwisha kuliwa nusu. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, polepole, kama mtu aliyeonja kitu kilichooza. Aliposema, sauti yake ilifika mpaka mlangoni.

"Donc, basi, ile ndege yenye ilitupiga kule milimani, ikaua baba yako, Theogene wangu, kanisa gani iliiombeaka?"