Niliandika maneno ya Mzee Tarimo nyuma ya kirikuu, nikaitwa kituoni kuyafuta

Wakuu salaam, mlio kazini na mlio kijiweni.

Hili limetokea mwaka huu hapa Kariakoo. Sitaongeza chumvi, nilikuwepo mwenyewe.

Kazi yangu ni kuandika maneno kwenye magari. Bajaji, kirikuu, guta, chochote chenye matairi. Yale majina ya watoto na vijembe mnavyosoma kwenye foleni, mengine ni mkono wangu.

Sisi mafundi tuna kawaida yetu: ukimaliza, unaandika namba yako ya simu pale chini kwenye kona. Ndiyo wateja wanavyotupata.

Siandiki kila kitu lakini. Jamaa mmoja alitaka matusi kuhusu wanawake, nikamwambia apeleke gari lake kwingine. Nyuma yake kwenye foleni kuna basi la shule, watoto wanasoma. Kwa hiyo mimi na sheria inayokataza maneno ya kuudhi kwenye magari hatuna ugomvi.

Basi akaja Mzee Tarimo, Mchaga wa Rombo, anabeba mizigo ya wafanyabiashara kwa kirikuu yake. Binti yake, Neema, aligongwa na gari akivuka barabara ya Msimbazi, akafa palepale. Dereva alikamatwa, akaachiwa, kesi ikapoa. Mzee amefuatilia mpaka amechoka.

Akataka niandike hivi:

MWANANGU NEEMA ALIGONGWA AKAFA. ALIYEMGONGA ANAJULIKANA.

Nikaandika kwa herufi nyekundu, na namba yangu chini kama kawaida.

Haikupita wiki, simu ikaita. Trafiki. Njoo kituoni na vifaa vya kufutia. Wakuu, niliogopa sana, sitawadanganya.

Nafika, nakuta kirikuu imezuiwa na mzigo wa mteja uko juu. Mzee amesimama pembeni juani. Afande, dada wa rika langu tu, akasema gari haliondoki na maneno ya kuudhi.

Nikauliza kwa adabu, "Samahani afande, neno la kuudhi hapo ni lipi?"

Akasoma upya. "Hilo anajulikana. Anajulikana, halafu? Si mnatusema sisi?"

Kusema kweli nilimwonea huruma pia, maana ile kesi hakuishika yeye.

Akalegeza kidogo: sentensi ya kwanza ibaki, ya pili ifutwe. Nikaona afadhali, jina la binti litabaki. Nikalowesha kitambaa kwa thina.

Mzee Tarimo akanishika mkono.

"Futa yote, kijana wangu. Jina likibaki peke yake, watu watasema pole, watapita. Sikuandika ili nipewe pole."

Nikafuta yote. Rangi ilinichuruzikia mpaka kwenye viwiko. Nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Afande akamkabidhi ufunguo. Mzee akaupokea kwa mikono miwili, akauliza taratibu, "Mwanangu, mimi mmenipata haraka. Yeye mtamfuata lini?"

Yule dada akavua kofia, akasema, "Shikamoo baba." Tangu asubuhi ndiyo kwanza anamwamkia.

Mzee Tarimo, ambaye huwaitikia hata watoto wa mtaani wasiomjua, aliingia kwenye gari akafunga mlango. Hakuitikia.

Nilichojifunza ni hiki. Sheria ya kuzuia matusi barabarani naitaka, na nitaendelea kuwakatalia wanaoleta upuuzi. Ila tusi ni kitu kimoja na ukweli unaouma ni kitu kingine, na sidhani ni sawa aliyeguswa na maneno ndiye aamue kama yafutwe.

Mwanzoni nilidhani kumbakishia jina ni kumsaidia. Sikuwa nimemwelewa kabisa.

Karibuni mtoe maoni, hata mkinipinga. Wanasheria mliomo humu, nina swali moja tu: kama hawezi kulisema kwenye gari lake mwenyewe, mzee huyu akaliseme wapi?