Hashimu Amfuata Mkewe

Mwamvua alipofungua bahasha ya kaki kutoka ofisi ya utumishi, alicheka kwanza, kisha akakaa chini. Barua ilimhamisha yeye, mwalimu pekee wa takwimu katika chuo chao pale Dodoma, aende Iringa kumfuata mumewe. Aripoti ndani ya siku kumi na nne.

Hakuomba kwenda popote. Aliyeomba uhamisho ni Hashimu, mumewe, mwalimu wa uchumi wa kilimo huko Iringa. Kwa miaka sita ya ndoa walikuwa wakionana likizo kwa likizo, na binti yao Sabrina sasa alikuwa na miaka minne. Mwaka ule wa tisini na nne biashara zilikuwa ruksa kila kona, lakini serikali ilikuwa ikipunguza watu, na nafasi ya kufundisha chuoni ilipatikana kwa uhamisho tu. Chuo cha Dodoma kilikuwa na nafasi moja ya uchumi. Cha Iringa hakikuwa na somo la takwimu kabisa. Kwa mtu yeyote mwenye akili zake, wa kuhama alikuwa Hashimu. Ila karani aliyepokea ombi aliona mke na mume, mikoa miwili, akajua papo hapo nani anamfuata nani. Hakusoma mpaka mwisho. Asome ya nini? Tangu aanze kazi, wanaofuata ni wake.

"Hongera, mama Sabrina, sasa utakaa na mwenzio!" walimu wenzake wakamwambia.

Mwamvua akatamani kuwarushia chaki. Huko Iringa wangempa nini zaidi ya meza ya kupokelea wageni? Alimpenda Hashimu, na aliipenda kazi yake, na kwa kweli iliuma kuambiwa achague. Akaenda kwa mkuu wa chuo kuomba simu.

"Usifungashe hata kijiko," Hashimu akasema. "Nakuja."

Alifika Jumatano, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mkewe akampeleka moja kwa moja kwa ofisa utumishi, Bi Yasinta, mama wa makamo asiye na muda wa kupoteza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Enhe?"

"Barua hii imekosewa, mama. Anayehama ni mimi."

Bi Yasinta akamtazama mume, akamtazama mke, akavua miwani. "Yaani wewe, baba, ndiye unayetaka kumfuata mkeo? Kwani huko Iringa wamekuchoka?"

"Hapana, mama. Mwezi uliopita wamenipandisha cheo."

Mwamvua akageuka. Habari ya cheo alikuwa hajaambiwa.

"Na unakiacha?"

"Cheo nimekaa nacho mwezi mmoja, nimeshakiona kilivyo. Mke ninaye mwaka wa sita, bado sijapata nafasi ya kumtazama vizuri."

Bi Yasinta alicheka mpaka akashika meza. Akawaita wenzake wa chumba cha pili waje wamwone mwanaume huyo, wakaja, wakamwona, mmoja akampa mkono. Kisha akatoa jalada na kulisoma ombi kutoka juu hadi chini, kwa aibu kidogo, na kabla ya saa ya chakula barua mpya ilikuwa imepigwa chapa na mhuri. Mwamvua alitoka pale akiona haya kama bibi harusi, na akiwa na furaha ya kutaka kupiga vigelegele barabarani.

Baada ya wiki tatu Hashimu alihamia, na godoro lake na makasha mawili ya vitabu. Jumatatu asubuhi, walipokuwa wanamalizia chai, Sabrina akatoka chumbani akiburura begi la baba yake kwa mikono miwili. Akalisimamisha mlangoni, kama alivyozoea kila likizo ilipokwisha.

"Baba, basi litakuacha," akasema.

Mwamvua akalichukua lile begi, akalirudisha chumbani, akalisukuma chini kabisa ya kitanda. Kisha yeye na Hashimu wakatoka wote wawili kwa miguu kwenda kazini.