Masikio ya Mzee Maganga

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kwa vidole kuliko kwa kichwa. Hata leo nikishika kipande cha mkaa, vidole hukaza vyenyewe, kama vilivyokaza asubuhi ile mbele ya ubao, kwenye kizuizi cha barabara ya Kabungu, watu wamesimama nyuma yangu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, na shule ya kunipokea ilikuwa haijapatikana. Nikarudi Mpanda kwa baba, Mfipa aliyehamia huko kwa kazi ya reli. Nilikuwa kijana wa kufikiri mno. Mtu akinisalimu njiani, nilifika nyumbani bado najiuliza kama nimeitikia vizuri. Baba alinivumilia, lakini kila jioni aliuliza, "Leo je?" Nami sikuwa na jibu.

Wakati huo ndorobo, yaani mbung'o, walikuwa wameujaza msitu, na ugonjwa wa malale wanaoueneza ulikuwa unaua watu. Serikali iliweka vizuizi. Kila mpita njia alisimama, baiskeli na mizigo yake ikakaguliwa, ndorobo wakanaswa kwa wavu, ndipo akaruhusiwa kwenda. Wengi waliona ni kupotezewa muda, wakazungukia porini. Bwana Afya alisikia kwamba chuoni nilipenda kuchora, akaniita. Alitaka kikaragosi, hicho mnachokiita leo katuni: mtu mjinga wa kuchekesha, achorwe kwenye ubao mkubwa pale kizuizini, ili hata asiyejua kusoma aelewe kwa nini asimame.

"Ukiweza, kazi ipo ofisini kwangu," alisema. "Usipoweza, sema mapema."

Nikajifungia ndani na gazeti la Kizungu nililopewa na mtu wa stesheni. Nikaiga kikaragosi kimoja humo, pua ndefu, kofia kama bakuli. Nilichora, nikafuta, nikachora tena, mpaka karatasi ikatoboka. Siku nilipothubutu kukibandika ubaoni, wasafiri walikitazama sana. Kisha mmoja akauliza, "Kumbe wanaosimama hapa ni Wazungu tu?" Akashika njia ya porini, na wenzake wakamfuata.

Pale kizuizini kulikuwa na mama wa Kinyamwezi akiuza uji, jina lake Mama Nyamizi. Alicheka mpaka akaweka upawa chini.

"Mfipa wewe, radi unaituma hadi ng'ambo ya ziwa, karatasi ndiyo inayokushinda?"

Unajua sisi Wafipa tunasingiziwa uchawi wa radi, na sisi na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo sikuruhusiwa kununa. Mumewe, Mzee Maganga, mchuuzi wa asali, alikuwa kando akifunga madebe kwenye baiskeli. Akasema, "Achana na huyo wa gazetini, hujawahi kumwona akitembea. Tuchore sisi."

Ndivyo nilivyoanza. Kila asubuhi nilikaa karibu na jiko la Mama Nyamizi, nikachukua mkaa wake uliozimika, nikachora watu waliosubiri kukaguliwa, kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Mwanzo ulikuwa wa aibu. "Huyu ni mimi au kiazi?" Mama Nyamizi aliuliza. Nilipotaka kufuta, alinipiga mkono. "Acha kiazi chako. Chora kingine." Papo kwa papo, kamba hukata jiwe. Mkono ukaanza kujua mambo ambayo kichwa kilikuwa hakijui: kwamba mwenye haraka hutanguliza kidevu, kwamba mwoga hukumbatia mzigo wake, kwamba mstari mmoja uliokaa mahali pake unatosha kumleta mtu mzima.

Niliyemchora zaidi alikuwa Mzee Maganga. Masikio yake yalikuwa makubwa kama nyungo, na alitembea shingo mbele. Tena alikuwa na kituko chake. Akikiona kizuizi kina foleni, alibeba baiskeli kichwani, madebe na vyote, akazungukia porini, kisha akatokea upande wa pili akitupungia mkono. Nami nilimtania, "Mnyamwezi na upagazi hawaachani." Tulicheka wote. Mungu atusamehe, tulicheka.

Masika ilipoingia, Mzee Maganga akaanza kusinzia mchana. Akawa anaongea maneno yasiyoungana. Walipomfikisha hospitali, malale yalikuwa yameshapanda kichwani. Hakurudi.

Msibani watani zake Wafipa walitimiza wajibu wao. Mmoja aliitwaa baiskeli ya marehemu, akaibeba kichwani, akapita shingo mbele kati ya waombolezaji. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kichwa chini, nikifikiri kama inafaa.

Muda si mrefu Bwana Afya akatuma neno kwamba anapita kesho kuutazama ubao, na kama hauna kitu, kazi atampa mwingine. Asubuhi hiyo nilisimama mbele ya ubao mtupu. Kila mtu niliyeanza kumchora kwa mkaa aligeuka kuwa Mzee Maganga, mkono ulishamzoea. Nikimchora, nitakuwa nimemdhihaki maiti mbele ya mjane wake. Nisipomchora, nitamjibu nini baba? Na wakati nafikiri, nilimwona kijana mmoja anashuka kwenye baiskeli na kuangaza macho kuelekea porini.

"Unamchora nani?" Mama Nyamizi alikuwa amerudi jikoni kwake, kitambaa cheusi kichwani.

"Bado nafikiri, mama."

"Unafikiri nini? Wenzako walimwigiza na baiskeli yake mbele yangu, nikacheka, usiku ule nikapata usingizi. Wewe uliyemchora kila siku ukaja ukakaa kama mgeni. Mtani akinyamaza msibani, amenisusa."

"Naogopa kukuumiza."

"Nimeshaumia. Chora."

Nikachora. Mkono ulikwenda bila kuniuliza. Shingo mbele, baiskeli kichwani, madebe yananing'inia, na nyuma yake msururu wa ndorobo wakimfuata kama wateja wa asali. Mama Nyamizi akausogelea ubao. Alitazama kwa muda mrefu, nami nikahesabu dhambi zangu.

"Masikio umeyapunguza," alisema. "Umemwonea haya. Ongeza."

Nikaongeza, mpaka yakagusa magurudumu. Hapo akacheka, kicheko kilichokatika katikati, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Mtu mmoja kwenye foleni akasema taratibu, "Sikio la kufa halisikii dawa." Yule kijana wa baiskeli akaitazama picha, akamtazama mjane, kisha akaisukuma baiskeli yake hadi kwa mkaguzi na kusimama.

Kesho yake Bwana Afya alipokuja, hakuniuliza maana ya picha. Foleni ilimweleza. Jioni baba alipouliza, "Leo je?" nilikuwa na jibu.

Mwanangu, wewe nawe nakuona na penseli yako, unafuta kuliko unavyochora. Hofu hiyo naijua, tulizaliwa nayo katika ukoo huu. Nisikilize basi. Chora kila siku, hata kidogo, hata vibaya. Usiige mtu usiyemwona akitembea. Chora wa nyumbani kwako, wa foleni yako. Kiazi cha leo kiache, kesho chora kingine, kwa maana siku ya kazi yenyewe kichwa kitatetemeka, na mkono uliozoea ndio utakaokubeba. Na ukimchekesha mtu kwa sura ya mtu, hakikisha unampenda huyo unayemchora. Ukimpenda, usimpunguzie masikio.

Mungu aubariki mkono wako, auondolee woga, na akupe watu wa kukucheka kwa upendo wakati bado unachora viazi.