Mkasi Shingoni mwa Elspet

Maji yameanza kujaa. Elspet Geddes anageuka nyuma kutazama kijiti chake, anageuka mbele kumtazama mgeni wake, kisha anageuka tena nyuma. Asiyemjua angedhani amedondosha kitu.

Ni asubuhi ya Oktoba, majani yamepukutika, na wako wawili tu kwenye fungu la mchanga karibu na mlango wa mto Aldie, kaskazini mashariki mwa Uskoti. Wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani na maboya mabegani. Mbele yao ni mto wenyewe, ambako samaki aina ya trauti wanaingia na maji kutoka baharini. Nyuma yao kuna mkono mwembamba wa maji unaolitenga fungu na ukingo. Walipouvuka kuja huku haukufika hata magotini.

"Tazama mbele, Bi Lorimer," Elspet anasema. "Nyuma niachie mimi."

"Na wewe tulia basi. Shingo hiyo itachomoka," mgeni anamjibu.

Mgeni ni Netta Lorimer, mama wa miaka sabini na ushei, ambaye kabla ya msimu huu hakuwa ameshika fimbo ya kuvulia maishani mwake. Fimbo aliyoishika ni ya marehemu mumewe. Na mumewe alifia hapahapa, mwaka jana, mikononi mwa Elspet.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Hata majirani waliowaona wakishuka mtoni pamoja walisimama wakashika midomo.

Elspet ana miaka hamsini na sita na kazi yake ni kuwaongoza wavuvi wa starehe, kazi aliyoikuta kwa baba yake. Anawaonyesha pa kusimama, anawafungia ndoana, anawashikia wavu mdogo samaki anapokaribia. Msimu ukifungwa anapaki samaki kwenye kiwanda cha kukausha kwa moshi, na anasema kwa kicheko kwamba huko angalau samaki hawakimbii. Malipo si ya kutajirisha mtu. Lakini muulize kama angeacha.

"Niache niende wapi?" anasema. "Mimi nyumbani huwa nagombana na sufuria."

Uvuvi wa Aldie ni wa vifaa vyepesi, na wenyeji wanaringa nao sana. Maji ya Oktoba ni maangavu, trauti wana macho, kwa hiyo uzi unaobeba ndoana ni mwembamba kama unywele. Samaki akishanasa huwezi kumvuta kwa nguvu, utakatika. Unamwachia akimbie, unamrudisha pole pole, unamwachia tena, mpaka achoke mwenyewe. Kazi hiyo haina haraka. Bahari ndiyo yenye haraka.

Ndiyo maana kila kiongozi huchomeka kijiti chenye kitambaa chekundu pale nyuma, kwenye ule mkono wa maji, maana huko ndiko kunakojaa kwanza. Kitambaa kikilowa, mnaondoka. Hakuna mjadala.

Ila mjadala ulikuwepo. Samaki akiwa kwenye ndoana, kitambaa kilisubiri. Na uzi wa mgeni haukuguswa na kiongozi mpaka mgeni mwenyewe aombe. Hakuna aliyeyaandika mambo haya popote. Watu walizaliwa wakayakuta, na kumkatia mgeni uzi hapa ilikuwa aibu kuliko kumwibia koti.

Sasa mwaka jana, Wattie Lorimer, mchinja nyama mstaafu, mzee mcheshi aliyevua na Elspet tangu wote wawili wana nywele nyeusi, akanasa samaki ambaye hakuwahi kumwona mfano wake. Kitambaa kikalowa. Elspet akamwambia waondoke.

"Akasema, 'Bado kidogo,'" Elspet anakumbuka. "Nikangoja. Nikamwambia tena. 'Bado kidogo, Elspet, anachoka huyu.' Mkasi ulikuwa mfukoni mwangu, jamani! Mfukoni! Nikausikia kabisa kwa vidole. Sikuutoa."

Walipoanza kuvuka, maji yalikuwa kifuani. Maboya hawakuvaa, kwani nani alikuwa anavaa? Wattie aliteleza, suruali ya mpira ikajaa maji. Elspet alimkamata ukanda, akamvuta, akamwita jina mpaka sauti ikakauka. Alipomfikisha ukingoni mzee alikuwa kimya. Fimbo bado ilikuwa mkononi, vidole vimeikaza, na uzi ulikuwa umekatika wenyewe.

Uchunguzi ulifanyika, ikaandikwa ni ajali. Lakini lililomshtua Elspet kuliko kifo chenyewe, anasema, lilimngoja kibandani kwao, pale viongozi wanapokunywa chai na mikate yao ya chumvi.

Dod Farquhar, mkubwa wao wote, alimpa kiti chake. "Usijitese, binti," akamwambia. "Hata mimi nisingekata." Na wa pili akasema hivyohivyo. Na wa tatu.

"Nilitaka mtu mmoja tu aniambie, 'Elspet, umemwachia mtu afe kwa sababu ya samaki.' Mmoja tu! Wakanimiminia chai. Nikatoka nje nikatapika. Maana nilijua wanasema kweli. Wasingekata. Hata mmoja."

Tangu siku hiyo mkasi umehama mfukoni, unaning'inia shingoni kwa kamba. Kila mgeni anaambiwa mapema: kitambaa kikilowa nakata, uwe umenasa trauti au umenasa nyangumi. Wageni wengi wamehamia kwa viongozi wengine. Kibandani amepata jina jipya.

"Fundi cherehani kaja!" wanampokea. "Fundi, hebu nipunguzie suruali."

"Lete," huwajibu. "Nianze na ulimi wako."

Anawacheka, lakini msimu mzima hakuwahi kupata nafasi ya kukata. Wageni wachache waliobaki walinasa samaki wadogo, wakatoka mapema. Usiku alikuwa akijiuliza kama mkono ungemtii siku yenyewe ikifika. Mtu akishindwa mara moja, nani amwamini mara ya pili? Hata yeye mwenyewe hakujiamini.

Hapo ndipo Netta alipobisha mlangoni kwake, fimbo ya Wattie mkononi. Elspet anasema alidhani amekuja kumpiga nayo.

"Nifundishe," Netta alisema. "Nataka nijue ni kitu gani kilimzuia yule mwanamume asirudi kunywa supu yake."

Wakaanza. Wattie hakutajwa. Netta alijifunza upesi, akilalamika juu ya baridi, akiwatukana sili, wanyama wa baharini waliokuja kuchungulia. Na leo, juu ya fungu la mchanga, fimbo inapinda ghafla mpaka inakaribia kubusu maji.

"Mama yangu wee!" Netta anapiga kelele. "Elspet! Ni mtu huyu au ni samaki?"

Trauti anaruka. Mweupe, mnene, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Samaki wa namna hii Elspet amemwona mara moja tu, na anajua ni lini.

"Mwachie akimbie. Usimvute. Hivyohivyo."

Kigurudumu cha uzi kinalia. Samaki anakwenda, anarudi, anakwenda tena. Netta anacheka na machozi yanamtoka, uso umekuwa wa msichana. Elspet anageuka nyuma.

Kitambaa kimelowa.

"Bi Lorimer, tunaondoka."

"Bado kidogo."

Elspet anaganda. Ni maneno yaleyale, hata namna ya kuivuta sauti ni ile ya watu walioishi pamoja wakaambukizana usemi.

"Bi Lorimer. Maji."

"Bado kidogo tu, dada, anachoka huyu!"

Mkono wa Elspet uko kwenye mkasi na haufanyi kitu. Umekaa tu, mkono wa mtu mwingine. Nyuma maji yanapita kwa kasi juu ya kijiti, kitambaa hakionekani tena. Kisha anapiga hatua moja, ananyoosha mkono juu ya fimbo ya mgeni wake, na anakata.

Haisikiki hata sauti. Fimbo inanyooka. Samaki anapiga mkia mara moja, anakwenda zake.

Netta anamtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Hapati muda wa kusema. Elspet amemshika ukanda, wanaingia majini, hatua kwa hatua, maji yanafika kiunoni, yanapita kiunoni, mkondo unawasukuma ubavuni. Wanatokea ng'ambo wakihema, wanakaa kwenye nyasi. Fungu walilosimama linamezwa mbele ya macho yao.

Elspet anamimina chai. Netta haipokei. Ameshika kipande cha uzi kilichobaki kwenye fimbo, anakigeuzageuza kwa vidole.

"Kumbe ni hivi tu," anasema.

Elspet anaweka kikombe chini kwenye nyasi.

"Mwaka mzima nimejiambia labda haikuwezekana. Labda uzi ni mgumu. Labda mkasi uko mbali. Watu waliniambia ni ajali, nikawaitikia. Kumbe ni hivi tu, Elspet. Ungemkatia."

"Ndiyo," Elspet anasema. "Ningemkatia."

Wanalia wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, bila kukumbatiana. Baadaye, akisimulia, Elspet anasema neno hilo lilimwuma kama kisu na hapohapo akahisi anavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Kulikuwa na mtu mmoja wa kulisema, na ndiye aliyekuwa na haki nalo.

Netta anapangusa uso kwa kiganja. Anaichukua chai, imeshapoa, anainywa yote.

"Hao wenzako, wakina Dod, wanakutana lini pale kibandani?"

"Kesho asubuhi. Kwa nini?"

"Utanipeleka. Nataka waniambie mimi, wakinitazama machoni, kwamba na wao wasingekata. Mmoja mmoja."

Elspet anasema msimu ujao anataka kila kiongozi wa Aldie avae mkasi shingoni, na kila mgeni aambiwe kabla hajalowesha mguu. Msimu mzima amewaeleza, wakamwita fundi. Sasa anaomba jambo dogo tu, kwamba kesho Dod na wenzake wasiugue ghafla, wawepo wote.

"Na mkasi huo uje nao," Netta anamwambia akiinuka. "Tutauweka mezani, katikati ya mikate yao."