Siku Niliyompata Binti wa Nyaga

Jameni, hadi leo nikipita soko la Siakago huwa najifanya napigiwa simu, kwa sababu ile aibu niliyojiletea bado ina watu wa kuikumbuka.

Mimi ni mwalimu wa historia hapo Siakago, na siku hiyo tulialika wazazi, na watoto wa shule nyingine waje wasimulie yale mafumbo ya dunia ambayo hakuna aliyewahi kuyafumbua. Maiki nilishika mimi, nikawaonya (kwa madaha, si mnajua walimu), "Hapa hatukisii, tunaleta ushahidi!" Basi akasimama msichana mmoja wa kutoka Muthara, kule Tigania, akasimulia ile meli ya zamani iliyokutwa baharini, chakula kipo, mizigo ipo, watu hawapo, na hakuna anayejua walienda wapi. Nikamkumbuka ndugu yangu Nyaga, aliyetoka nyumbani asubuhi moja akiwa kijana, akaacha hata koti lake, asirudi tena, na ambaye nina hamu naye sana mpaka sasa.

Alipomaliza akasema, "Naitwa Ciambaka."

Ciambaka! Hilo ni jina la mama yangu, jina la huku kwetu Mbeere, Tigania utalitafuta uchoke. Na kwetu mwanamume akipata msichana wa kwanza humpa jina la mama yake. Si ningengoja tumalize nimuulize polepole? Wapi! Nikauliza kwa maiki, "Umepewa jina la nani?"

"La nyanya yangu, mwalimu."

Mungu wangu, nikamkumbatia, nikalia, nikapiga kelele, "Huyu ni wa Nyaga! Nyaga yuko hai!" akina mama wakapiga vigelegele, mtu akampigia mama simu, na mama (ambaye magoti hayampeleki hata kanisani) akaja na bodaboda, kitambaa kimeteleza kichwani, akamshika mtoto mkono.

Ndipo baba ya mtoto akatoka kule nyuma kwa wazazi, mtu mfupi, sijawahi kumwona. "Mwalimu, mimi sijapotea," akasema kwa upole. "Mama ya huyu ni wa hapo Gachoka. Huyu ni msichana wetu wa pili, amepewa jina la mama ya mke wangu."

Wa pili, na wa pili hupewa jina la upande wa mama! Kitu ambacho mtu yeyote wa huku angeuliza kwanza, mimi wa ushahidi sikuuliza. Watoto walicheka mpaka mwalimu mkuu akaninyang'anya maiki, nikatamani ardhi inimeze.

Lakini mama hakuachilia ule mkono. "Na huko kwenu Muthara," akamuuliza yule baba, "hujaona mtu mrefu wa kutoka huku, ana kovu hapa?" Akagusa unyusi wake.

"Bado, mama. Lakini nitaangalia."

Tukirudi nyumbani nikamwomba mama msamaha, nikaapa sitamwambia tena kwamba Nyaga amepatikana mpaka nimshike kwa mikono yangu.

"Usiombe msamaha," mama akasema. "Njia yote ile ya kuja, nilikuwa na mtoto wangu."