Baiskeli Iliyotembezwa Mlimani

Bado huwa naota kile kilima cha mwisho kabla ya nyumbani. Ukungu umelalia majani ya chai, lami inang'aa kwa mvua, nami napanda bila hata kukanyaga pedeli, nikimsikia mtoto akilia mahali nisipopaona. Naamka kifua kinauma, na mtoto mwenyewe siku hizi ana mvi!

Nilikuwa muuguzi katika zahanati ya karibu na kwetu, Kapkatet, kisha nikahamishiwa hospitali upande wa Kaplong. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa hajaota hata jino. Ningelala kwenye nyumba za wauguzi, angeachishwa ziwa na kunisahau. Ili nirudi kila jioni, nilihitaji baiskeli. Mume wangu alifundisha Sigor na alikuja mwisho wa mwezi tu, kwa hivyo aliyenipeleka dukani ni mama mkwe, mtoto akiwa mgongoni mwake.

Zilikuwa mbili. Moja nyeusi, nzito, yenye keria pana. Nyingine ya resi, nyembamba, mikono imejikunja chini kama pembe za kondoo dume. Mimi nilishika ile nyeusi, kwa vile kila mtu alikuwa nayo.

"Chukua hiyo," mwenye duka akaniambia. "Inabeba magunia mawili ya mahindi."

"Nani amekuambia huyu anabeba mahindi?" Mama akamuuliza.

Mama hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Lakini ng'ombe aliwajua, na kwetu mtamba hanunuliwi akiwa amesimama. Anatembezwa mlimani, nawe unasikiliza pumzi. Basi akaikokota ile nyeusi kupanda barabara, ikilia kwii, kwii, watu wakitoka madukani kucheka. Nilitamani ardhi inimeze. Akarudi akihema.

"Huyu ana mwili mzito. Atakulaza njiani."

Akapanda tena na ile ya resi, mkono mmoja tu juu ya kiti. Ukungu ulikuwa ukiteremka kutoka kwenye chai. Gurudumu lilinong'ona tik, tik, tik, naye akapotelea ndani ya weupe ule pamoja na mtoto wangu, nikabaki nikisikiliza. Kwa muda nilisahau hata watu waliokuwa wakicheka. Walipotokea tena, mtoto alikuwa amelala fofofo.

"Ni huyu," Mama akasema.

"Lakini Mama, ni ya wanaume! Ina chuma hapo katikati. Nitaipandaje na sketi?"

"Utavaa kaptula ya marehemu mume wangu ndani."

"Watu wa kanisa watasema."

"Wacha waseme. Kwani ni wao watanyonyesha?"

Siku ya kwanza nilitoka alfajiri, nikateremka katikati ya chai kama niliye ndotoni. Mchana kutwa maziwa yalinivuja, nikaficha kifua kwa aproni. Jioni mvua ikanipiga njia nzima. Nilichoogopa si mvua. Niliogopa kumkuta ameshiba maziwa ya ng'ombe, ananitazama kama mgeni. Nikafika kile kilima nimeishiwa nguvu kabisa, miguu imekataa. Ila baiskeli haikukataa. Nilikanyaga kidogo tu, nayo ikapanda taratibu, nyepesi, mimi nikilia waziwazi, maana nani angenijua mvuani?

Huko juu mvua ilikuwa imekatika. Mama alikuwa amesimama barabarani na mtoto chini ya leso.

"Mchana alikunywa kidogo kwa kijiko," akasema. "Ya jioni ameyatema yote. Anakungoja."

Nikaketi papo hapo kwenye majani mabichi, nikafungua vifungo. Mtoto alilishika ziwa kwa pupa, akakunja ngumi yake kwenye kola yangu iliyolowa, na hakuniachilia. Nikamtazama Mama, nimwambie asante.

Hata hakuwa akitutazama. Alikuwa ameivua leso yake kavu ya kiunoni, anaipangusa baiskeli mvua, shingo, mgongo, miguu, taratibu, kama anavyompangusa ng'ombe aliyezaa salama.

"Huyu," akaiambia, "hatuuzi."