Nilimtaja Mama Mdogo, sasa daktari anasema huenda ni mwili wangu wenyewe

Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu watu ninaowataja hapa bado nakutana nao kisimani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa Nambambo, Nachingwea, nina watoto wawili. Barua hii nimeiandika kwa siku tatu, maana vidole vyangu havishiki kalamu muda mrefu.

Ugonjwa ulianza msimu wa korosho, mwaka juzi. Asubuhi nilikuwa naamka viungo vimekaza, vidole vimevimba, hata kufunga kanga siwezi. Nikishinda juani shambani, mashavu yanatoka vipele vyekundu. Nywele zikaanza kudondoka, vidonda vya mdomoni haviishi, homa inakuja na kuondoka. Mimba ya miezi minne ikatoka. Watu wakasema ni ukimwi. Tulipima mara mbili, mimi na mume wangu, hatuna. Zahanati walinipa dawa za malaria mpaka wenyewe wakachoka kuniona.

Mama mkwe akanipeleka kwa mganga. Mganga hakutaja mtu. Aliniuliza tu, "Nani mwingine anaingia jikoni kwako?" Nikasema ni Mama Mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Anakaa Nandagala, huko Ruangwa, na akija kunitembelea huniletea unga wa muhogo. Yeye ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita.

Mama mkwe akaniuliza palepale, "Una hakika naye?"

Nilikuwa na maumivu, nimechoka, nataka tatizo langu lipate mwenyewe. Nikajibu, "Sina hakika."

Maneno hayo mawili yalitosha. Mama Mdogo alipokuja tena, mama mkwe na mganga walimkalisha uani, wakamnyoa nywele zote kwa wembe ili kumtoa uchawi, wakamnywesha dawa, wakamwambia asikanyage tena kwetu. Hakulia. Aliniangalia, mimi nikaingia ndani.

Sikupona. Miguu ilipoanza kuvimba, mume wangu akanipeleka hospitali ya misheni. Daktari alipima damu na mkojo, akanishika kiungo kimoja kimoja, akasema, "Siwezi kuthibitisha, lakini dalili zako zinafanana na ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe. Hapa hatuna kipimo chake. Lazima bingwa akuone." Akaniandikia rufaa ya Dar. Tarehe niliyopewa bado miezi mitano.

Nikamuuliza kama mtu anaweza kumlisha mwenzake ugonjwa huo kwenye chakula.

"Hapana, mama," akasema. "Haulishwi wala hauambukizi."

Nilimwambia mume wangu nataka kwenda Nandagala kuomba msamaha. Akasema, "Subiri bingwa aseme. Ukienda sasa unamwaibisha mama yangu. Na bingwa akisema siyo huo, utamwambia nini?"

Mwezi uliopita nilikutana na Mama Mdogo gulioni Ruangwa, anauza mbaazi, kitambaa kichwani. Nilidhani atageuza uso. Akaniuliza, "Unakula?" Nikasema nakula kidogo. "Na watoto?" Nikasema hawajambo. Nilitaka kusema samahani, nikaishia kumuaga. Mwanamke aliyekaa naye jirani aliniambia baadaye kuwa habari za kunyolewa zilifika kwao, na sasa hakuna anayekubali hata maji ya kunywa nyumbani kwake.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Naogopa bingwa atasema sina ugonjwa huo, na nikirudi bila jibu, na maumivu haya bado yapo, nitaanza tena kumshuku. Ninajijua.

Ndugu zangu mnaosoma, nisaidieni mawazo. Nisubiri miezi hiyo mitano nipate jibu la bingwa, au niende sasa hivi, nikiwa sijui ninaumwa nini, nimgombanishe mume wangu na mama yake? Na nikifika mlangoni kwa Mama Mdogo, nianze na neno gani?